Rili Nyepesi ya Mjomba Kashindi

Kuna Jumamosi moja ya mwanzo wa kiangazi ambayo hainitoki moyoni, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu juzi nilikuwepo ulipokuwa ukimfasiria nyanya yako kwenye simu. Mtu wa upande wa pili alizungumza dakika tatu nzima, nawe ukamwambia nyanya, "Wanasema ni sawa." Nilijiona mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na minne.

Wakati huo nilikaa na Mjomba Kashindi, kaka yake mama, ghorofa ya kumi na moja huku Malvern, hapa ughaibuni. Yeye ndiye aliyenitoa kwetu Uvira na kunifikisha hapa, mzima. Alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kukata kuku, kisu mkono wa kulia kutwa kucha, mpaka kifundo cha mkono kikaharibika na daktari akamwambia aache. Kiingereza kilimkataa kabisa, na Kifaransa chake kizuri hakikupata wa kukisikiliza. Basi mimi nikawa masikio yake na mdomo wake: benki, hospitali, ofisi za serikali, hata kwa msimamizi wa jengo bomba likivuja. Unaijua kazi hiyo. Hakuna anayekuuliza kama unaitaka.

Kitu kimoja tu alikifanya bila mimi, nacho ni kuvua samaki. Alipanda mabasi mawili peke yake hadi kwenye kinamasi kimoja mashariki ya Scarborough, mahali ambapo mayungiyungi na magugu yamejaa hadi huoni maji yenyewe. Humo anaishi bass, samaki mnene wa kijani mwenye mdomo mpana, anayependa kujificha chini ya majani. Mjomba alirusha chambo chenye umbo la chura juu ya yale majani, akakivuta polepole. Samaki akishika, lazima umtoe kwa nguvu na haraka, maana ukimpa nafasi anajizungusha kwenye magugu na hapo umevua nyasi. Rili yake, ile mashine inayokaa juu ya fimbo na kukunja mshipi, ilikuwa ya zamani na nzito kama tofali. Kila akirudi nyumbani alikaa na mkono ndani ya bakuli la barafu, akijifanya hasikii maumivu.

Mwaka ule akaniambia mkono umechoka. Asipopata rili nyepesi, itabidi aache. Mimi nilijua kuacha kuna maana gani kwake. Ni kukaa dirishani kuangalia maegesho ya magari kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni, siku zote zilizobaki.

Ndiyo Jumamosi ile tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mstaarabu, mwenye subira kuliko mimi. Aliweka rili mbili juu ya kaunta, akampa mjomba azipime mkononi, kisha akaanza kuniuliza maswali. Mzee anavua wapi? Kwenye maji wazi au kwenye majani? Anapenda mshipi gani? Mwanangu, mjomba alikuwa na majibu ya maswali hayo yote. Ungempa nafasi angeeleza kinamasi kile jani kwa jani. Mimi nikajibu mwenyewe, bila hata kumgeukia, kwamba anavua popote tu.

Nyuma yetu watu walikuwa wamesimama foleni, na mjomba sauti yake ilikuwa kubwa, anauliza mambo kwa Kiswahili huku anazungusha ile rili hewani. Saa nane nilikuwa na mechi ya mpira. Kwa miaka mingi nimeisingizia mechi hiyo. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya.

Muuzaji hakuridhika na jibu langu, akaendelea kueleza. Alisema mtu asiangalie wepesi peke yake. Ile nyepesi kuliko zote imetengenezwa kwa mshipi mwembamba na maji wazi. Mwili wake ni wa plastiki, ukiilazimisha inajipinda na meno ya ndani yanaruka. Mtu anayevua kwenye majani mazito achukue ile ya pili, iliyozidi uzito kidogo tu, yenye mwili wa aluminiamu, breki inayoushika mshipi sawasawa na nafasi ya kutosha mshipi mnene wa kusukwa. Hiyo nayo mkono mbovu ungeimudu. Nilimwelewa neno kwa neno. Mjomba akaniuliza amesema nini, nikamwambia, "Amesema hii ndiyo nyepesi kuliko zote."

Sikudanganya, unaona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata sikudanganya. Mjomba alitoka dukani anatabasamu, amekumbatia kile kiboksi kifuani, akanishukuru mara mbili njiani.

Wiki iliyofuata nilifuatana naye majini, maana alitaka nione. Tulimkuta huko Mzee Sadru, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza na kuzeekea Unionville, mji wa jirani, ambaye alijuana na mjomba palepale ukingoni siku walipogundua kuwa wote wanaongea Kiswahili. Walikuwa wakitaniana kuhusu nani atavua wa kwanza, na mjomba akawa anarusha chambo chake kama kijana, mkono hauumi. Nilifurahi. Nilifikiri nimefanya la maana.

Kisha majani yakapasuka, samaki akashika. Alikuwa mkubwa, na akazama moja kwa moja kwenye mashina ya mayungiyungi. Mjomba akavuta. Mshipi ukateleza, breki haishiki, na nikaiona ile rili ikijipinda pale ilipofungwa kwenye fimbo. Kwa mazoea yake akabana kigurudumu cha mshipi kwa dole gumba, akavuta kwa nguvu zote kwa ule mkono mbovu. Nilimsikia akiguna. Mshipi ukakatika, naye akaketi juu ya ndoo, mkono umelegea pajani, uso umebadilika rangi.

Mzee Sadru aliiokota fimbo, akazungusha mpini wa rili, tukasikia meno yakisaga.

"Kashindi, ndugu yangu, nani alikuchagulia hii? Hii ya maji wazi, bwana. Hapa unataka ile ya aluminiamu, uzito umezidi kidogo tu. Lile duka wanaeleza vizuri sana, hata mimi walinieleza."

Mjomba akanigeukia.

"Ule wa duka alisema hivi?"

"Alisema, Mjomba."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Akaniita mwipwa, kama tunavyowaita kwetu watoto wa dada, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwipwa, sikukuomba unichagulie. Nilikuomba maneno yake."

Kile kifundo kilikuwa kimechanika ndani. Kilipona vibaya, vidole havikufunga tena, na fimbo hakuishika tena maisha yake yote. Lakini si hilo nililotaka kukuambia. Jumatatu yake nilivaa viatu nimpeleke kwa daktari kama kawaida, nikamkuta Mzee Sadru chini ya jengo, ametoka Unionville kwa gari lake. Mjomba alipanda, akaniaga vizuri kabisa. Tangu siku ile hakuniletea barua hata moja nimsomee. Alinipikia, aliniombea kabla ya kula, aliniozesha. Ila maneno yake aliyapeleka kwingine.

Miaka sita baadaye alilazwa. Asubuhi moja daktari aliingia na majibu ya vipimo, akasimama kando ya kitanda, akanitazama mimi ninayeongea lugha zote mbili. Mjomba akainua ule mkono uliopinda.

"Tungojee kwanza Sadru afike."

Daktari alishangaa. Mimi nikamweleza, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba mgonjwa anamsubiri mkalimani wake. Tulisubiri karibu saa moja. Mzee Sadru alipofika akamshika mkono, akamfikishia yote, pamoja na yale maneno ambayo mimi ningeyaficha. Mjomba akauliza maswali matatu, na yote matatu yakafika kwa daktari kama alivyoyauliza. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda nikisikiliza. Sadru hakuacha kitu.

Alikufa wiki mbili baadaye. Hatukugombana hata siku moja, na hakuniamini tena hata siku moja.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mzee akikufanya uwe masikio yake, usimpunguzie. Mwambie lililo refu kwa urefu wake, lililo baya kwa ubaya wake, na swali aliloulizwa yeye mwache alijibu yeye, hata watu wakiguna nyuma yenu. Ikiwa ni rili tu mnanunua, muulize kwanza anavua wapi, kisha umfasirie uzito, na mwili wa aluminiamu au plastiki, na breki, na mshipi, vyote, halafu unyamaze achague mwenyewe. Kwetu sisi tuliohamia nchi ya watu, mzee ameshapoteza nyumba, kazi na lugha. Kilichobaki mkononi mwake ni kuamua, nacho usikichukue kwa sababu una haraka.

Mungu akupe subira ya kusikiliza hadi mtu amalize. Akuondolee haya juu ya watu wako. Na siku daktari atakapoingia na majibu, akujalie mzee wako akutafute wewe kwa macho, akukute, na asiulize mwingine.