Goti la Bata

Waliompa jina la Bata hawakumsingizia. Msichana alikuwa akitembea kiuno kinakwenda kulia kinarudi kushoto, mikono imekunjwa viwikoni kama mtu anayegombea njia sokoni, na uso mkavu, hacheki hata kidogo. Mtaani walikufa mbavu. Fundi cherehani wa pale kona akimwona anakuja, anaacha kazi, anajishika kiuno, anamfuata nyuma akimwigiza mpaka wateja wanashika matumbo. Bata hakununa. "Cheka tu, fundi," alimwambia. "Siku nikirudi na medali utanishonea gauni la bure." Fundi akaapa mbele za watu kwamba atamshonea, tena lenye mikunjo.

Pengine hujui kwamba kutembea nako ni mchezo. Basi ujue. Ni mchezo, tena wa kuumiza, watu wanashindana kutembea kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuiwezi hata tukifukuzwa na mbwa, na anayekimbia anatolewa. Bata aliuingia mwaka wake wa kwanza chuoni, alipokwenda kusomea uuguzi. Siku hiyo alikuwa amechelewa darasani, anakata uwanja mbiombio bila kukimbia kwa sababu ya sketi, akasikia sauti: "Wewe! Wewe mwenye soksi za njano! Hebu rudi upite tena."

Huyo alikuwa Mzee Filimbi, mtunza uwanja. Kwa kuwa chuo hakikuwa na mwalimu wa michezo, mwalimu wa michezo akawa yeye: asubuhi anafyeka majani, jioni anafundisha, na mshahara ni uleule wa kufyeka. Zamani aliwahi kupelekwa semina ya mchezo wa kutembea, akarudi na filimbi shingoni na sheria moja kichwani, kwamba mguu mmoja usiiache ardhi kabla mwenzake haujafika. Sheria hiyo aliishika kwa moyo wote. Jioni baada ya jioni alikuwa akijilaza pembeni ya njia ya udongo, shavu chini, macho kwenye nyayo za Bata, na kupiga kelele, "Ardhi! Ardhi, mwanangu! Usiniachie ardhi!"

Bata hakuiacha. Kwenye mashindano ya vyuo vya nchi alishinda kila mwaka, anamaliza, ameshaoga, wenzake ndio wanaingia. Waamuzi walikuwa walimu waliogawiwa filimbi asubuhi ileile na kuambiwa, akikimbia mtu, mtoeni. Nani angemtoa Bata? Hakukimbia hata siku moja.

Mwaka wake wa mwisho akachaguliwa kwenda kwenye michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia nzima. Kuogelea kuna wenyewe, kuruka kuna wenyewe, mpira una wenyewe, na kutembea, kwa nchi ile, ni Bata peke yake. Mzee Filimbi alipoambiwa alikaa chini palepale kwenye majani mabichi na kulia kama mtoto.

Sasa sikia shida. Michezo iliangukia wiki zilezile za mazoezi ya wodini, yale ambayo muuguzi asipoyafanya hamalizi chuo. Bata alikwenda kwa mkuu wa idara, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'inia, akamweleza. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitakudanganya kwa faida gani?" alimwambia. "Ukienda, unarudia mwaka mzima."

"Haiwezekani kusogeza kidogo tu, mama?"

"Wodi haisogei, binti yangu. Wagonjwa wako pale."

Kurudia mwaka kwa Bata mwenyewe si kitu, ni kijana. Aliyekuwa na cha kupoteza alikuwa mama yake. Mama huyo alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi tangu Bata yuko mgongoni, anasimama kutwa, miguu imevimba hata viatu havimwingii, anavaa ndala za kiume. Alishamtangazia tajiri wa dobi kwamba mwaka huu anaaga, binti yake anaanza kazi, na yeye atakwenda kukaa. Neno lenyewe ndilo hilo, kukaa. Hakuwa akiota nyumba wala safari. Alitaka kiti.

Bata alimfuata kazini. Mama alikuwa kwenye kola ya shati la mtu, mvuke umemjaa usoni. Akasikiliza, akaigeuza kola, akaipitia tena ingawa ilikuwa imeshanyooka.

"Mwaka mmoja tu?"

"Mmoja tu, mama. Naapa."

"Na huko utashinda?"

"Sijui kushinda. Lakini nitamaliza. Wataniandika kwamba nilitoka huku nikatembea mpaka mwisho. Nafasi hii hairudi, mama, mwakani mimi si mwanafunzi tena."

"Ukirudia mwaka utakuwa mwanafunzi," mama akasema, na wote wawili wakacheka, maana walikuwa watu wa kucheka hata pasipochekesha. Kisha mama akasema, "Nenda. Miguu yangu imeshazoea."

Akaenda. Nafasi ya kocha kwenye msafara hakupewa Mzee Filimbi, thubutu! Alipewa bwana mmoja wa ofisini, mwenye tumbo lake, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufunga kamba za raba. Huko alikuwa akionekana wakati wa chakula.

Bata alifika akaona mambo. Chumba chenye mto mwororo, vijana wa kila rangi wanabadilishana kofia kwenye foleni ya chai, viwanja vinang'aa. Hakuogopa. Asubuhi ya shindano alisimama barabarani na wenzake, barabara imefungwa, watu wamejipanga pembeni wanapiga makofi, na bastola ilipolia akahisi furaha ambayo hajawahi kuihisi maishani. Mwili mwepesi, pumzi ipo. Alikuwa katikati ya kundi, anawasikia wanavyohema, akajiambia, kumbe hawa ni watu kama mimi!

Mzunguko wa pili mwamuzi mmoja akamnyooshea kibao cha njano. Kwenye kibao kulikuwa na alama kama ncha ya mshale. Bata akaitazama. Mshale, akawaza, ananiambia mbele, niongeze. Akamchekea yule mwamuzi, akaongeza. Mbele kidogo mwingine akamwonyesha mshale uleule. Jamani, watu wema hawa, akaongeza tena. Akawapita wasichana kadhaa, na moyoni akamwona Mzee Filimbi amelala kifudifudi kwenye lami ile anapiga kelele ardhi, ardhi.

Mzunguko wa tatu mzee mmoja mwenye kibao chekundu akasimama mbele yake. Bata akageuka kuangalia ni nani wa nyuma anayeambiwa. Pale nyuma karibu hakukuwa na mtu. Akampita, na mzee akamfuata, akamgusa bega taratibu, akamwonyesha kibao tena, kisha akamwonyesha pembeni.

"Sikukimbia," Bata alisema. Akarudia kwa sauti, "Sikukimbia mimi! Muulizeni yeyote!"

Mkalimani wa timu, kijana mwanafunzi wa hukohuko, alikuja na blanketi. Alikuwa amempiga picha za video kwa simu, kwa nia njema tu, ili ampe za kumbukumbu. Akamwonyesha, polepole. Kila mguu wa Bata ulipogusa ardhi, goti lilikuwa limekunjwa. Wasichana waliokuwa ubavuni mwake, magoti yao yalikuwa yamenyooka kama mpini wa fagio.

"Kukimbia hukukimbia," kijana alisema. "Ni goti. Mguu ukigusa chini goti liwe limenyooka, mpaka mwili uupite. Walikuonya kwa kile kibao, ile alama ni mchoro wa goti lililokunjwa."

"Sheria hiyo imeanza lini?"

Kijana akatazama chini. "Dada, ipo siku nyingi."

Bata akacheka. Alicheka sana, halafu akajifunika blanketi kichwani asionekane.

Nyumbani walikuwa wameshajipangia maneno. Umeonewa! Ndivyo walivyo, wakiona mtu wa kwetu anapita mbele wanatafuta sababu! Jirani wa mlango wa pili aliyasema kwa uchungu mpaka povu likamtoka. Yangekuwa maneno matamu kama Bata asingeiona ile video. Lakini aliiona, na kila aliyemwambia pole umeonewa alimwongezea aibu. Fundi cherehani hakumwigiza tena. Bata alipopita pale kona, fundi aliinamisha kichwa kwenye cherehani, akasema "Pole, dada," na kushona kitambaa kwa sindano isiyokuwa na uzi. Hilo lilimuuma kuliko kibao chekundu.

Mama yake hakusema umeonewa. Alimuuliza kama amekula, na kama huko kulikuwa na baridi. Kesho yake akarudi kwa tajiri wa dobi kumwomba aendelee na kazi aliyokuwa ameshaiaga. Tajiri akakubali, ila mahali pake pa dirishani alishamweka mwingine, mama akapangwa kule nyuma, penye joto la boila. Jioni hiyo alirudi na ndala mkononi, maana hata ndala zilikuwa hazimwingii. Bata alimkanda miguu kwa maji ya chumvi.

Mwisho akajikaza, akaenda uwanjani. Mzee Filimbi alikuwa na wasichana wapya, wa mwaka wa kwanza, wamejipanga kwenye njia ya udongo na vifua mbele. Alipomwona akafungua mikono. "Huyu hapa! Si niliwaambia? Huyu ndiye aliyetembea na dunia!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Walikuonea, eh?"

"Hawakunionea." Bata akamvuta pembeni, akamweleza habari ya goti yote, bila kumficha. Alikuwa ameogopa atakasirika. Mzee Filimbi hakukasirika. Alisikiliza huku akiizungusha filimbi vidoleni, akakuna kidevu.

"Goti," alisema. "Hilo mimi silijui. Labda walilifundisha mchana ule niliotumwa soda za wageni." Akafikiri tena. "Ndiyo. Kulikuwa na soda. Nilichelewa kurudi."

Bata akaitazama ile filimbi. Angemfanya nini mzee huyu? Angemlaumu kwa soda?

"Basi ni vizuri umekuja," Mzee akasema, uso umemchangamka. "Wafundishe hawa. Waonyeshe hilo goti, na mimi nijue."

Bata akavua viatu, akaingia njiani. Alianza polepole, anaifikiria kila hatua, mguu umenyooka, kisigino kwanza, na kweli hatua za mwanzo zilikuwa sawa, alizihisi. Alipoongeza kasi, goti likakunjika. Akalinyoosha. Likakunjika. Miaka yote ile ya jioni baada ya jioni ilikuwa imelala ndani ya goti lile, na goti halikumjua bwana mwingine. Akafika kwenye kona akitembea vilevile kama alivyotembea siku zote, kiuno kulia, kiuno kushoto, goti limekunjwa, na machozi yanamtoka.

Mzee Filimbi alikuwa amejilaza mahali pake pa siku zote, shavu kwenye udongo, macho kwenye nyayo. Akapiga makofi mpaka vumbi likaruka.

"Mmeona?" aliwaambia wasichana. "Goti ndilo hilo! Haya, mmoja mmoja, kama yeye."

Wasichana wakaingia njiani mmoja baada ya mwingine, wakatembea kama Bata.