Posa Iliyojibiwa Kwenye Spika

Juzi nilikuwa kwa fundi redio mmoja hapa mjini, nasubiri zamu ya gari langu. Aliyenitangulia ni kijana muuza vitambaa, anafungiwa garini redio mpya ya kupokelea simu. Fundi, amelala chali chini ya dashibodi, alikuwa ndiyo kwanza ameiunganisha na simu ya kijana, mara ikaita.

"Mjomba wa binti, yuko Kondoa," kijana alinong'ona. "Ananipa jibu la posa. La kwanza lilikuwa hapana."

Fundi akabonyeza kitufe. Sauti ya mzee ikajaa uwanja mzima: "Asalamu alaikum. Wazee tumekaa, na binti mwenyewe tumemuuliza. Amekubali."

Kijana akafunika uso kwa mikono. Machozi yakamtiririka. Fundi alipoona mzee anangoja jibu, akajibu palepale alipolala: "Waalaikumu salamu. Shikamoo mzee. Tumepokea, tunashukuru sana."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fundi redio, mzee."

Mzee akacheka. "Basi mlete bwana harusi, na wewe uje."

Mama ntilie wa jirani akapiga vigelegele. Mimi sikualikwa, lakini mafuta ya kufika Kondoa nimeshajaza.