Magamba Aliyoyatwanga Mama

Mimi ni mtu wa baridi. Nimezaliwa Uyole, nikakua na sweta mwilini, na mpaka namaliza chuo cha ualimu sikuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Miaka ya sabini serikali ikikupanga unakwenda, hakuna cha kubembeleza. Mimi walinipanga kijiji kimoja cha ufukweni, kusini ya Lindi. Mama alilia kama amefiwa. "Pwani! Watakulisha konokono!"

Walinilisha kweli, na walikuwa watamu.

Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakitoka, wanawake walishuka na vikapu, nami nikawafuata nimekunja gauni. Aliyenifundisha ni mama wa mwalimu mwenzangu. Mimi niliona mawe na matope. Yeye aliona ghala. Chaza wameng'ang'ania mwambani mpaka uwabandue kwa nondo. Tondo kwenye mizizi ya mikoko. Kome wa kila umbo, wengine wembamba kama msumari, wengine wamevimba kama vitumbua. Simbi chini ya mawe, wanang'aa utadhani wamepakwa mafuta, na dondo, yule simbi mkubwa mwenye madoa ya chui. Ukigeuza jiwe moja unakuta aina tano. Ukigeuza la pili, humjui hata mmoja. Nilimwambia kitabu cha sayansi kinasema hata pweza na ngisi ni wa ukoo huohuo. Alicheka hadi akakaa kwenye maji. "Mwalimu, pweza ana gamba wapi?"

Na huyo mwalimu mwenzangu? Haya, nisizunguke: nilimpenda, akanipenda. Dini yetu moja, kwa hiyo hapo hakuna aliyepata pa kunishika. Kilichobaki ni kauli ya mama yangu, maana baba alikuwa ameshafariki, na mama alishaapa hatoi binti kwa watu wa siku tatu za basi.

Nilipopata likizo, mama wa mwenzangu alinipa kasha la mbao. Ndani mlikuwa na gamba moja la kila aina aliyoijua. Kila moja alilichemsha, akalisugua, akalifungia pamba. Kazi hiyo aliifanya bamvua baada ya bamvua. "Mpelekee mama yako," akasema. "Sina shamba la kumwonyesha. Shamba langu ndilo hili."

Sasa, kwetu binti hamwambii mama yake habari za kuolewa. Ni aibu. Unamwambia shangazi, na shangazi ndiye anayebeba maneno. Kwa hiyo nilipofika Uyole niliweka kasha mezani nikasema tu, "Mama mmoja wa kule amekutumia." Kesho yake nikapanda basi kwenda Kilolo kumchukua shangazi, dada yake baba. Huo ndio ujinga wangu.

Tulirudi siku ya nne. Tangu barabarani nasikia kinu kinatwangwa. Mama yuko uani, kasha liko wazi miguuni pake, pamba zimetapakaa, na kuku wake wa kisasa wanagombania unga mweupe.

"Mama! Unafanya nini?"

Akainua uso umejaa furaha. Msimu ule kuku wake walikuwa wanataga mayai laini kama ngozi, na bwana mifugo alimwambia dawa yake ni magamba ya baharini yaliyotwangwa. Madukani hayakuwepo, kama ambavyo haikuwepo sukari wala sabuni. "Mwe! Huyo mama ana akili! Wengine wananitumia khanga. Yeye amejua shida yangu bila kuambiwa. Shika hili yai. Gonga!"

Sikugonga. Nilipandwa na hasira mpaka machozi yakatoka. Akilini nilimwona yule mama wa pwani ameinama mwambani, na jasho lake lote sasa limeishia tumboni mwa kuku. Nikamfokea mama yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikamwambia ile si dawa ya kuku, ile ni zawadi ya... Neno lililobaki lilikuwa la shangazi.

Shangazi akavuta kigoda, akakaa, akasalimia kwa lugha ya kwao. "Kamwene, wifi. Ngoja nimmalizie mimi. Ni zawadi ya posa."

Mchi ulibaki juu, haukushuka.

Kwetu zawadi ya posa haiguswi. Inakaa pembeni ya nyumba mpaka wazee wakubaliane. Ukiionja umeshakubali, hakuna kurudi nyuma.

"Sikula mimi," mama akasema. "Wamekula kuku."

"Na mayai amekula nani?"

Mama alitazama kinu, akatazama kuku, akakaa chini palepale kwenye pumba. "Siku tatu za basi," akasema taratibu. "Na mvua ikikata barabara? Nikiugua, nani atakuita?" Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na roho iliniuma kama nimeiba.

Kisha akaanza kuokota yaliyobaki kashani. "Hili linaitwaje?" Dondo, mama. "Na hili?" Chaza. Akauliza la kwanza mpaka la mwisho, na kila moja akalirudishia pamba yake. Yalikuwa tisa. Akafunga kasha, akanitazama.

"Haya. Krismasi unakuja nyumbani. Krismasi usiyokuja, natwanga moja, nawapa kuku."

Shangazi aliangua kicheko. Nami nilicheka huku nafuta kamasi.

Niliolewa, nikaishi kwenye joto, na karibu kila Desemba nilipanda mabasi na sweta langu mkononi. Mwaka mmoja sikwenda, nilikuwa na mimba kubwa. Mwaka mwingine mto ulifurika, kivuko hakikuvuka. Na mwaka mmoja, niseme kweli, nilikuwa nimechoka tu, nikasingizia mvua.

Mama alipofariki, siku ya kugawana vitu vyake niliomba kasha peke yake. Pamba zilikuwa mpya, alikuwa akizibadilisha. Nilitoa magamba moja moja, nikayapanga kitandani kwake, nikayahesabu.

Yalikuwa sita.