Mwaka wa Kuutuliza Mwili

Nilipofikisha miaka ishirini na sita, hedhi yangu ilikuwa imeshazoea kupotea. Ilikaa miezi mitatu, hata minne, bila kuja, kisha ikaja na kukaa wiki mbili mfululizo. Ndevu nazo zilianza kuota kidevuni. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha ushonaji pale Nyasubi, nilijifungia chumbani nikazinyoa kwa wembe. Mume wangu alikuwa anaendesha mashine ya kusaga mawe ya dhahabu huko Geita, anarudi kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo kumficha hakukuwa kazi. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na mtoto hatujapata.

Aliyeniamsha ni mteja wangu, mama mmoja muuguzi mstaafu. Nilikuwa nampima kiuno, yeye akawa anakitazama kidevu changu, kisha akaniuliza taratibu hedhi zangu zinakujaje. Sijui kwa nini nilimweleza yote. Akaniambia niende Shinyanga mjini, kwa daktari wa wanawake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alinipima damu, akanipiga ultrasaundi, akanionyesha kwenye skrini vidoa vyeusi vilivyojipanga pembeni mwa ovari. Alisema ni vijifuko vya mayai yasiyokomaa, homoni zimeyumba, na wanawake wengi wanaishi hivyo bila kujua. Hali hiyo haiishi kabisa, ila inatulizwa. Kulikuwa na vidonge vya uzazi wa mpango, vya kurudisha mpangilio wa hedhi na kupunguza ndevu polepole. Kulikuwa na vile wanavyomeza wenye kisukari, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa hauitumii sukari vizuri. Kulikuwa na vya kupevusha mayai, kama nataka mimba sasa. Na kwa vyovyote vile nitembee, nipunguze ugali na soda.

Kisha akaweka kalamu chini.

“Sasa dada, wewe unataka nini kwanza?”

Nikaomba nikafikirie.

Mume wangu aliporudi nilimweleza, na hakuficha kwamba yeye angechagua vya mayai, tena leo leo. Nilimwambia ninamtaka mtoto, lakini mwili huu umenichosha, nataka kwanza niujue tena, mwaka mmoja tu. Alitoka nje akakaa kwenye gogo kwa muda mrefu. Aliporudi ndani aliniuliza kama vidonge hivyo vina madhara. Nilijua amekubali.

Mama mkwe ndiye niliyemwogopa. Alikuja kutoka Chato na furushi la mizizi, akaniagiza niichemshe jioni hiyo hiyo. Nikamweleza kwa heshima kwamba siwezi kuichanganya na dawa za hospitali ninazotaka kuanza kabla sijamuuliza daktari. Aliposikia ni dawa gani, aliweka kikombe mezani.

“Unatafuta mtoto kwa dawa ya kuzuia mtoto?”

Nilieleza kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasogea dirishani na kuinua kidevu chake kwenye mwanga.

“Gusa hapa.”

Niligusa. Palikuwa na visiki vya ndevu. Akaniambia alisubiri miaka sita kabla ya kumzaa mume wangu. Miaka yote hiyo alijinyoa kwa siri na kunywa chochote alicholetewa, hadi dawa moja ikamlaza mwezi mzima. Kama ulikuwa ugonjwa mmoja na wangu, hakuna aliyempima, hatutajua kamwe.

“Mimi nilikunywa nilichopewa,” akasema. “Wewe kunywa unachokijua, mayu.”

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Hakuwahi kuniita hivyo.

Niliporudi Shinyanga, daktari alinipima presha na kuniuliza kama napata maumivu makali ya kichwa, ndipo akaniandikia vya uzazi wa mpango, pamoja na vile vya sukari. Hivi vya pili vilinisumbua tumbo wiki za mwanzo, kisha vikazoeleka. Sasa ni mwezi wa nane tangu nianze. Hedhi inakuja siku ninazozijua. Ndevu bado zipo, ila zinachelewa kuota. Mwakani, Mungu akipenda, nitarudi Shinyanga kuulizia vile vya mayai, na mume wangu ameshasema tutakwenda pamoja.

Mama mkwe hupiga simu kila Jumapili. Kuhusu mimba haulizi. Anauliza kama nimetembea, nami humjibu nimetembea, na mara nyingi ni kweli.