Supu ya Gegedu Harusini

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana ukumbi mzima pale Silver Spring ulishanicheka na wengine mpaka leo hawajamaliza.

Mimi ni fundi wa maabara kule Laurel, na kazi yetu ni kutoa protini kwenye gegedu la ndama (ile nyama nyeupe ngumu ya kwenye maungio ya mifupa), kwa sababu kwenye vyombo vya maabara protini hiyo huzuia seli za uvimbe wa saratani zisikue. Jumamosi moja nikatoka machinjioni na mfuko wa gegedu safi, nikaona nikipitia kazini kwanza nitachelewa harusi ya binamu yangu, nikaenda moja kwa moja ukumbini, mfuko nikauweka kwenye friji ya jikoni, nikaingia kucheza.

Niliporudi, friji tupu.

"Ile nyama ya mu frigo?" akasema Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyesimamia mapishi. "Tulishaipika, dada. Supu iko muzuri sana."

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikamfikiria bosi wangu na kazi ya wiki nzima, nikachanganyikiwa, nikamnyang'anya MC kipaza sauti, nikasema, "Jamani, msinywe supu, ile ni ya saratani!"

(Nilimaanisha ya utafiti wa saratani. Neno utafiti halikutoka.)

Vijiko vikaanguka, bibi harusi akatema supu kwenye shela, baba mkwe wa binamu yangu, aliyekuwa kwenye bakuli la pili, akashika kifua, mtu akapiga 911, namba ya dharura ya huku, na watu wa gari la wagonjwa wakaingia na machela hata didjei hajazima muziki.

"Ndani mna nini?" mmoja akaniuliza.

"Gegedu la ndama. Maji. Chumvi. Ndimu."

Akanitazama. "Kwa hiyo ni supu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni supu."

Baba mkwe akaomba arudishiwe bakuli lake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama Furaha peke yake hakucheka. Alinivuta kando akaniuliza kama gegedu hilo linaweza kutumwa kwao Bukavu, maana dada yake huko ana saratani ya titi. Ikabidi nimwambie kwamba bado si dawa, na kulila hakuponyi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kuosha masufuria. Hapo ndipo nilipoona aibu kweli.

Siku hizi nikiwa na mzigo wa kazi napita maabara kwanza, hata harusi ikiwa yangu.