Nilifua Mifuko ya Diski, Mwanangu Ndiye Anayeapishwa

Admin, jina langu libaki kwako, na kijiji usikitaje, sema tu ni huku ndani, upande wa Rutamba. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mie ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, mkulima wa korosho, shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekwenda upogo mnivumilie. Na wenye kucheka wacheke. Nimeshachekwa na wanaonijua, sembuse ninyi.

Nina binti mmoja, nimwite Somoe. Alikuwa anafanya kazi kwa fundi wa kompyuta Lindi mjini. Fundi alipofunga duka akamwachia diski saba za kompyuta zilizokufa, vile vidude vyeusi vya ndani vinavyotunza picha na video. Zikakaa kwenye kiroba uvunguni, mimi nasema tupa, yeye anasema, "Mama, hizi nzima, zinataka kupangwa tu." Akazitafutia kava moja moja lenye waya wa kuchomeka kwenye tivii. Huku kwetu harusi, maulidi, khitma, vyote vinarekodiwa kwa simu, simu ikidumbukia kisimani na harusi imekufa. Basi akazunguka nyumba za ukoo akakusanya, kila shughuli akaipa diski yake, seremala akatuchongea shubaka la vyumba saba. Alitaka kubandika karatasi za majina. Nikamwambia maandishi madogo yananipiga chenga, mwanangu, niwekee alama ya macho. Nikashona vijifuko saba vya kanga kuukuu. Harusi ya binti wa wifi yangu nikaipa kanga ya kijani yenye korosho. Ile ya siku makungwi walipocheza wenyewe kwa wenyewe, wanawake watu wazima watupu, nikaivika kanga nyekundu, na hiyo haitoki mpaka kungwi mwenyewe aje kuichukua kwa mkono wake.

Kungwi mwenyewe ndiye huyo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Hatupendani, siwafichi. Tangu arobaini ya kaka yake ananitafutia sababu nitoke kwenye mikorosho ya ukoo nirudi kwetu Rondo, ambako wazazi wamekufa na nyumba imeanguka. Ana mdomo yule mwanamke! Akipita kwangu hasalimii, anasema na kuku wangu: "Kuku na nyie, mmeshiba mali ya watu, hamtaki kuhama."

Sasa kosa langu. Kabla ya Idi nilikuwa nafua, nikaiona ile mifuko imejaa vumbi, nikaitoa yote nikaifua. Diski nikazipanga juu ya mkeka kwa kufuata mpango wa shubaka, nikajisifu moyoni kuwa nina akili. Mbuzi wa jirani wakaingia kwenye muhogo wangu. Niliporudi kutoka kuwafukuza, mkeka umekanyagwa, diski zimesambaa, zote nyeusi, zote sawa. Nikazirudisha kwa kukisia. Somoe sikumwambia, niliona haya.

Siku ya Idi pili mkwe wa wifi akaja na kaka zake kutoka Nyangamara, wakataka kuiona harusi. Somoe akachukua mfuko wa kijani akampelekea shangazi yake kwa adabu zote. Mkwe ndiye aliyechomeka. Badala ya bibi harusi, akatokea mama mkwe wake, kajifunga kibwebwe, anazungusha, na nyimbo zile ambazo mwanaume hazisikii mpaka anakufa. Wanasema yule kijana alitoka nje na kandambili za mtu mwingine. Mpaka leo hajakanyaga tena pale.

Wifi alikuja uani kwangu, akautupa ule mfuko wa kijani chini. "Mmenivua nguo mbele ya mkwe wangu! Wewe mtoto, hizo takataka zako nitazitwanga kwenye kinu kama kisamvu!" Somoe akaniangalia. "Mama, mifuko uliigusa?" Nikasema, "Mie? Sijaigusa." Akaiokota ile kanga ya kijani, akainusa. Ilikuwa inanukia sabuni. Akaikunja, akamgeukia shangazi yake, akapiga magoti. "Shangazi, ni mimi. Nimechanganya. Nisamehe."

"Umechanganya au umetumwa na mama yako?"

"Sijatumwa, shangazi."

"Basi Ijumaa baada ya swala, mbele ya ukoo, utashika msahafu. Uape ni mkono wako na mama yako hakugusa. Ukishindwa kuapa, huyu anafungasha siku hiyo hiyo."

Na mie nikachukua ufagio, nikaanza kufagia uani.

Jana nikamwambia Somoe, usiape, mwanangu. Alikuwa anachambua mchicha, hata kichwa hakuinua. "Ukitoka hapa utalala wapi, mama?" Nikamwambia uapo wa uongo unaua. Akasema, "Ungesema hivyo siku ile."  Tangu hapo chakula anapika, ananiwekea, anakwenda kula kwa jirani.

Yule mwanamke namchukia, Mungu anisamehe, na najua nikisema kweli hataamini kuwa ni mbuzi na sabuni. Atasema nilipanga nimwaibishe, na ukoo wote utamfuata, mikorosho niliyoipalilia miaka ishirini nitaiacha na maua yake. Lakini nikinyamaza, mtoto niliyemzaa ataweka mkono kwenye msahafu kwa ajili ya uongo wangu.

Ijumaa ni keshokutwa. Msiniambie nisali, nimeshasali mpaka magoti yameota sugu. Wazazi wenzangu, nishaurini: nikisimama mbele ya wifi yangu na ukoo ule, neno la kwanza nitoe lipi, ili wamwachie mwanangu kabla hajaunyoosha mkono?