Tarumbeta Kubwa Haikupotea

Waliohusika na kutoweka kwa tarumbeta kubwa ya kanisa la mlimani ni wawili: ofisa wa Kijerumani aliyeongoza boma la Arusha, ambaye aliamuru ichukuliwe, na mimi niliyekuwa karani wake, niliyeipokea kwa mikono yangu bila kuiandika popote. Mpigaji wake hahusiki. Natangulia kulisema hili kwa sababu daftari la usharika linasema kinyume, na mtu huyo, ambaye leo hapandi kilima bila fimbo, bado anazuiwa kuikaribia Meza ya Bwana kwa kosa ambalo hakulitenda.

Nilifika Arusha kutoka Tanga nikiwa kijana mwenye mwandiko mzuri na hamu ndogo ya mambo mengine. Jumapili moja nilipanda Sekei kutafuta maziwa, nikasikia kutoka nyuma ya migomba sauti ambayo sikujua ni ya kitu gani. Nilidhani ni kinanda kimoja kikubwa. Nilipofika nikakuta wanaume saba wamesimama nje ya kanisa la udongo, kila mmoja na tarumbeta yake ya shaba. Walikuwa wakulima wa migomba na kahawa, watu ambao jana yake ningewapita njiani bila kuwatazama mara mbili. Siku ile nilirudi bila maziwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena, na nyingine zote baada ya hapo. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo ibada ilipoanza nilibaki nje, karibu na dirisha, na daftari langu. Nilitaka kujua ni kwa nini sauti yao haikatiki, ilhali kila binadamu lazima avute pumzi. Niliandika nani anapumua wapi. Ilinichukua wiki nyingi kugundua kwamba hawakupumua pamoja hata mara moja. Mmoja aliponyamaza, jirani yake alikuwa amekwisha kuijaza nafasi yake, nao hawakuwa wamepangiana jambo hilo kwa maneno. Nilipowauliza, walitazamana kwa mshangao. Hawakujua kwamba wanafanya hivyo.

Shaushi, yaani sajini wa askari wa boma, aliyezoea kuniona narudi na vumbi hadi magotini, alinisimamisha langoni mbele ya wenzake.

"Karani, siku watakapokubatiza utuarifu mapema. Ndugu zako watakuhesabu umekufa, na pilau ya matanga yako kule Tanga itabidi tukaile sisi."

Nilimjibu kwamba hakuna amri inayomkataza mtu kusimama dirishani. Walicheka mpaka mlinzi akashindwa kupiga saluti ya sawasawa. Haikunizuia. Kundi lilipoalikwa harusini Kikatiti, niliomba ruhusa ya siku mbili nikatembea nyuma yao njia nzima, nikiwa nimebeba, kwa ombi langu mwenyewe, vitambaa vya kufutia shaba.

Kati ya wote saba, aliyenivutia zaidi alikuwa mpigaji wa tarumbeta kubwa, ile iliyozunguka mwili wake na kufungua mdomo juu ya kichwa chake. Alikuwa mpole na hakuchoshwa na maswali yangu. Niliwahi kumwuliza kuhusu maji yaliyodondoka kutoka kwenye shaba, nikidhani ni mate. Aliigeuza tarumbeta akanidondoshea tone kiganjani.

"Ni pumzi, karani. Ikikuta ubaridi inageuka maji. Nusa, haina kitu."

Nilinusa. Haikuwa na kitu.

Swali lililobaki ndilo lililomponza. Katika kundi, sauti yake ilikaa chini ya nyingine zote, na sikuweza kuitenga masikioni mwangu. Nilitaka kuisikia peke yake, nje, mahali pa wazi. Alikataa. Alinieleza kwamba watu wa mlima ule huitana kwa pembe ya tandala panapokuwa na hatari, na kwamba tarumbeta yake, isipofunikwa na zile ndogo, inafanana mno na pembe hiyo. Nilimwona mwenye hofu isiyo na msingi. Nilimwomba mara ya pili, na ya tatu. Mwishowe, alasiri moja ya siku ya kazi, tulisimama kwenye ukingo ulio juu ya mto Themi, akapuliza mara tatu, kwa kirefu.

Jibu la swali langu nililipata, wala sijalisahau: ilitetemesha majani ya mgomba niliokuwa nimeuegemea. Kisha bonde zima likanyamaza. Wanawake wakaanza kuingiza mbuzi ndani. Punde wanaume wakashuka kwa mikuki na sime, wengine wangali na udongo wa shamba mikononi, wakituuliza adui yuko wapi. Walipoona ni tarumbeta ya kanisa, walicheka, mmoja akamwambia mpigaji kwamba safari ijayo aite watu kwenye pombe angalau. Lakini mlinzi wa boma alikuwa ameiona mikuki kutoka mbali, na vita vya miaka ya nyuma kati ya Wajerumani na watu wa mlima vilikuwa havijasahauliwa na upande wowote.

Asubuhi askari walimleta yeye na tarumbeta yake. Nilikuwa mezani, kalamu mkononi, nikitafsiri. Ofisa aliuliza nani aliyemtuma. Mpigaji alinitazama kwa muda mfupi sana.

"Hakuna. Nilikuwa najaribu sauti."

Niliitafsiri kauli hiyo neno kwa neno, nikijua kwamba si kweli, kwa kuwa nilikiogopa kiboko. Alichapwa yeye. Tarumbeta iliamriwa ikae bomani hadi hali itulie, nami nikaambiwa nisiiandike, maana si mali ya serikali. Niliipeleka ghalani mwenyewe. Mchungaji wa Kizungu, ambaye angeweza kuidai, alikuwa likizoni Ulaya. Vita vikazuka kabla hajarudi, Wajerumani wakaondoka, na ghala likaachwa tupu.

Wazee wa kanisa walipouliza kwa watawala wapya, walijibiwa kwamba vitabu vya boma havionyeshi tarumbeta yoyote. Wakaamua kwamba mpigaji alirudishiwa kisha akaiuza, kwa sababu, walisema, Mdachi, yaani Mjerumani, hachukui kitu asikiandike. Sifa hiyo ya vitabu vyetu ndiyo iliyomhukumu. Hayo yote niliyajua mwaka huu tu, baada ya kustaafu kazi za mbali na kurudi Arusha, nilipopanda Sekei kumsalimu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba angependa kuishiriki Meza kabla ya kufa. Niliwaendea wazee nikawaeleza kwa mdomo. Wakanitaka nilete maandishi.

Maandishi ndiyo haya. Kwa hiyo nalitaka baraza la wazee: kwanza, lifute sentensi inayomtaja mpigaji kuwa aliiuza tarumbeta, na mahali pake liandike kwamba ilichukuliwa na boma na kupokewa na karani, pili, limrudishe Mezani Jumapili ijayo, mbele ya usharika uleule uliosomewa adhabu yake, tatu, liniite nijibu maswali hadharani. Nitakuwa dirishani, mahali pangu pa siku zote. Nadai jibu la maandishi, lenye sahihi ya kila mzee aliyeitia sahihi hukumu ile.